Kubadilisha Mafaili ya Sauti Bila Kupoteza Ubora: Somo kwa Kamati za Usharika



Somo la toleo hili linahusu kazi inayofanyika karibu kila wiki katika sharika zetu bila kujadiliwa kwenye kikao chochote, nayo ni kubadilisha mafaili ya sauti kutoka fomati moja kwenda nyingine. Kijana wa kwaya anageuza nyimbo ili zisomeke kwenye redio ya flashi. Katibu anapunguza ukubwa wa mahubiri ili yatumwe kwa simu. Mwalimu wa kwaya anatoa sauti kwenye video ya tamasha ili wanakwaya wajifunzie. Kazi hizi ni njema na ni za lazima. Lakini zikifanywa bila utaratibu, sauti huharibika kidogo kidogo, na sehemu iliyoharibika hairudi tena.

Jambo hili linagusa mali ya usharika. Mara nyingi rekodi pekee ya kwaya iliyoimba miaka ishirini iliyopita, au sauti pekee iliyobaki ya mwinjilisti aliyekwisha lala, ni faili moja kwenye kompyuta moja ya ofisi. Akitokea mtu mwenye nia njema akaligeuza faili hilo ili "lichukue nafasi ndogo", kisha akafuta lile la kwanza, hasara imeshaingia na hakuna taarifa itakayoandikwa.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili pamoja, kamati iweze:
(a) kutofautisha fomati zinazotunza sauti yote na zile zinazopunguza;
(b) kueleza kwa nini kubadilisha mara kwa mara kunaharibu;
(c) kuweka utaratibu wa nakala mama katika usharika;
(d) kudai kutoka studio kile ambacho usharika umelipia.

1. Sauti inavyokuwa faili

Kompyuta hupima mawimbi ya sauti mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Katika CD ya kawaida ya muziki, vipimo huchukuliwa mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Ukizidisha, unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi kidogo ya megabaiti 10 kwa dakika moja, au megabaiti 635 kwa saa moja. Faili linalotunza namba hizi zote kama zilivyo kwa kawaida ni la WAV.

Miaka ya 1990 diski zilikuwa ndogo na intaneti ilikuwa ya polepole, hivyo wataalamu walitafuta namna ya kubana sauti. Katika Taasisi ya Fraunhofer iliyoko Erlangen, Ujerumani, Karlheinz Brandenburg na wenzake walishiriki kuunda mbinu ambayo kiwango chake cha kimataifa kilikubaliwa mwaka 1992. Mwezi Julai 1995 walichagua herufi ambazo mafaili yake yangeishia nazo, nazo ni MP3. Baadaye zilifuata AAC mwaka 1997, Vorbis mwaka 2002 na Opus mwaka 2012. FLAC, ambayo ni ya aina nyingine kabisa kama tutakavyoona, ilitoka mwaka 2001.

2. Njia mbili za kubana

Njia ya kwanza ni kubana bila kupoteza. Tufikirie kitabu cha nyimbo. Wimbo una beti sita na kiitikio kinachorudiwa baada ya kila ubeti. Mchapaji hachapi kiitikio mara sita. Anakichapa mara moja, kisha anaandika neno "Kiitikio". Karatasi imeokolewa, na waimbaji wanaimba kila neno bila kupungukiwa. FLAC hufanya kazi kwa mtindo huo. Hutafuta mahali ambapo namba zinafuatana kwa mpangilio unaotabirika, na kuziandika kwa kifupi. Faili hupungua hadi karibu nusu ya WAV, wakati mwingine zaidi au pungufu kidogo kutegemea muziki wenyewe. Likifunguliwa, kila namba hurudi mahali pake.

Njia ya pili ni kubana kwa kupoteza. Hapa tufikirie muhtasari wa kikao. Wajumbe wamezungumza saa tatu, na katibu ameandika kurasa mbili. Ameacha salamu, marudio na maneno ya pembeni, na muhtasari unatosha kwa kazi yake. Lakini hakuna mtu awezaye kuuchukua muhtasari huo na kurudisha maneno yote yaliyosemwa. MP3, AAC, Vorbis na Opus ni makatibu wa namna hiyo. Hutumia ujuzi wa jinsi sikio la binadamu linavyosikia. Sauti kubwa hufunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, hivyo ile ndogo huandikwa kwa uangalifu mdogo au huachwa kabisa. Vilevile, katika kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, programu nyingi za MP3 hukata sauti za juu sana kuanzia mitetemo 16,000 hivi kwa sekunde, ambazo wazee wengi hawazisikii tena.

Mbinu hii si udanganyifu. MP3 iliyotengenezwa vizuri kutoka kwenye WAV, kwa kilobiti 192 au zaidi, wasikilizaji wengi hawawezi kuitofautisha na CD. Tatizo huanza pale muhtasari unapofanyiwa muhtasari.

3. Kwa nini mara ya pili inaharibu

Tuseme katibu wa jimbo anapewa muhtasari wa usharika ili naye aufupishe. Hakuwapo kwenye kikao. Hajui kwamba yaliyobaki ndiyo yale katibu wa kwanza aliyaona kuwa muhimu. Atakata tena, na safari hii atakata nyama badala ya mafuta. Ikiwa katibu wa kwanza alikosea jina, wa pili ataliandika kosa hilo kana kwamba ni kweli.

Ndivyo ilivyo kwa sauti. Kila mbinu ina namna yake ya kuamua kitakachoachwa. MP3 inapogeuzwa kuwa AAC, programu hufungua kwanza kilichobaki, kisha hubana upya kwa kanuni zake. Makosa madogo yaliyoingizwa na MP3, ambayo yalikuwa yamejificha chini ya sauti kubwa, sasa yanahesabiwa kuwa sehemu ya wimbo na kupewa nafasi. Sauti halisi inazidi kubanwa pembeni.

Tuchukue mfano wa wimbo mmoja wa kwaya. Studio inamaliza kazi kwa WAV, kisha inatoa MP3 ya kilobiti 128. Hasara ya kwanza. Kijana anaichoma MP3 hiyo kwenye CD ya muziki. CD sasa ina megabaiti 10 kwa dakika na inaonekana kamili, lakini ni muhtasari ulioandikwa kwa herufi kubwa. Mwanakwaya mwingine anaipakua CD kwenye kompyuta kama MP3 ya kilobiti 96. Hasara ya pili. Mtu wa tatu anaipiga kwa spika na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao hubanwa kwa Opus kwa kiwango kidogo kinachofaa mazungumzo. Hasara ya tatu, tena pamoja na kelele za chumba. Baada ya mwaka mmoja, nakala inayozunguka usharikani ni hiyo ya mwisho.

Sikio la kawaida linaweza kutambua uharibifu huu likijua mahali pa kusikiliza. Vyombo vya kwanza kuumia ni kayamba, makofi na vigelegele, kwa sababu ni sauti za ghafla, na mbinu hizi hupima sauti kwa vipande vya muda. Kosa la kipande husambaa hadi kabla ya kofi lenyewe, na kofi husikika kama limepakwa matope. Herufi "s" na "sh" huanza kutoa mlio kama wa maji yanayochuruzika. Sauti ya nne na ya tatu, zilizokuwa zimeachana wazi, zinaanza kuungana.

Tahadhari mbili muhimu. Kwanza, kupandisha kiwango hakurudishi ubora. MP3 ya kilobiti 128 ikigeuzwa kuwa ya kilobiti 320, au hata FLAC, inakuwa gunia kubwa lenye mahindi yaleyale. Pili, kubadilisha jina la faili kutoka "wimbo.mp3" kuwa "wimbo.wav" hakugeuzi chochote ndani yake, kunasababisha tu baadhi ya mashine zishindwe kulisoma.

4. Kanuni sita za kufuata

Kanuni ya 1: Kila rekodi iwe na nakala mama. Hii ni WAV au FLAC iliyotoka moja kwa moja kwenye kurekodi au studio. Haihaririwi, haitumwi, na haitolewi kwenye diski yake ila kwa kunakiliwa.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alizunguka Lindi, Masasi na Newala akirekodi nyimbo kwenye silinda za nta. Nta huchakaa kila inapopigwa. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900 na ambayo inatunza silinda nyingi za aina hiyo kutoka Afrika Mashariki, ilitengeneza kalibu za shaba. Aliyehitaji nakala alimiminiwa silinda mpya kutoka kwenye kalibu, si kutoka kwenye nakala ya mtu mwingine. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza hifadhi hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kanuni ya 2: Kila nakala ya kutumia itoke kwenye nakala mama. Ukihitaji MP3 ya redio na Opus ya simu, usitengeneze Opus kutoka kwenye MP3. Rudi kwenye nakala mama mara zote mbili.

Kanuni ya 3: Kama nakala mama haipo, nakala bora iliyopo ichukue nafasi yake. MP3 uliyo nayo ibaki MP3. Usiigeuze mpaka kuwe na kifaa kisichoweza kuisoma. Ikilazimika, tumia kiwango cha juu, mathalani AAC ya kilobiti 192 au 256, na usiifute ile ya kwanza.

Kanuni ya 4: Kata bila kubana upya. Ukifungua MP3 kwenye Audacity, ukakata dakika mbili na kuitoa tena kama MP3, wimbo wote umebanwa mara ya pili. Programu kama mp3DirectCut hukata faili bila kuligusa lililobaki, na MP3Gain hurekebisha ukubwa wa sauti bila kubana upya. Kama kazi ni kubwa zaidi, hifadhi kila hatua ya kati kama WAV, kisha toa MP3 mara moja tu mwishoni.

Kanuni ya 5: Sauti ya video itolewe, isigeuzwe. Video nyingi za simu zenye jina linaloishia na MP4 zina sauti ya AAC ndani yake. Sauti hiyo inaweza kuchukuliwa kama ilivyo na kuwekwa kwenye faili la M4A bila hasara yoyote.

Kanuni ya 6: Tuma faili kama hati. Kwenye WhatsApp, wimbo uliotumwa kama hati hufika kama ulivyotoka. Kuupiga kwa spika na kuurekodi kama ujumbe wa sauti ni njia mbaya kuliko zote.

5. Viwango vinavyofaa na ukubwa wake

Kamati zimekuwa zikiuliza nafasi kiasi gani inahitajika. Hivi ndivyo hesabu inavyokwenda kwa saa moja ya sauti:

WAV ya ubora wa CD: megabaiti 635.
FLAC ya sauti hiyohiyo: karibu nusu ya hapo.
MP3 ya kilobiti 320: megabaiti 144.
MP3 ya kilobiti 192: megabaiti 86.
MP3 ya kilobiti 128: megabaiti 58.
MP3 ya kilobiti 64, upande mmoja: megabaiti 29.

Kwa nyimbo za kwaya, tumieni MP3 ya kilobiti 192 au zaidi. Kwa mahubiri na masomo ya mtu mmoja anayezungumza, kilobiti 64 kwa upande mmoja zinatosha, kwa kuwa sauti ya msemaji mmoja haihitaji kushoto na kulia. Pale ambapo simu zote zinasoma Opus, kilobiti 32 hutoa mazungumzo safi, na saa moja huwa megabaiti 14 hivi. Simu nyingi za zamani za vitufe hurekodi kwa AMR, ambayo kwa kawaida huchukua vipimo 8,000 tu kwa sekunde. Rekodi kama hiyo ya marehemu itunzwe ilivyo, lakini msirekodi kwaya kwa njia hiyo kama kuna njia nyingine.

6. Kufanya kazi hatua kwa hatua

Programu ya Audacity hupatikana bure na hufanya kazi kwenye kompyuta nyingi.

Hatua ya 1: Nakili nakala mama kwenye folda ya kazi. Ile ya asili iache mahali pake.
Hatua ya 2: Fungua nakala hiyo. Angalia kama mawimbi yamegonga juu na chini na kuwa bapa. Kama yamegonga, kosa lilitokea wakati wa kurekodi, na kugeuza fomati hakutalitibu.
Hatua ya 3: Nenda kwenye menyu ya File, chagua Export, kisha chagua MP3 na kiwango cha kilobiti 192 au zaidi.
Hatua ya 4: Andika jina la faili kwa utaratibu mmoja: mwaka, kwaya, jina la wimbo.
Hatua ya 5: Sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, hasa kwenye kayamba na makofi. Linganisha na nakala mama.

Kwa vijana wanaotumia programu ya FFmpeg, amri tatu zinatosha. Kutengeneza FLAC ya kutunza:
ffmpeg -i wimbo.wav wimbo.flac
Kutengeneza MP3 nzuri kutoka nakala mama:
ffmpeg -i wimbo.flac -c:a libmp3lame -q:a 2 wimbo.mp3
Kutoa sauti kwenye video bila kuibana upya:
ffmpeg -i video.mp4 -vn -c:a copy sauti.m4a

Kuna pia njia ya kukagua faili mliloletewa. Katika Audacity, badilisha mwonekano wa wimbo kutoka mawimbi kwenda Spectrogram. Kama faili linaitwa WAV lakini sauti zote zimekatwa kwa mstari ulionyooka karibu na 16,000, kuna uwezekano mkubwa kwamba lilipitia MP3 kabla ya kufika kwenu. Ulizeni.

7. Makubaliano na studio

Kwaya huchanga fedha kwa miezi mingi, hulipia studio, na mwishowe hupokea CD moja au MP3 kwenye flashi. Miaka michache baadaye, wakitaka kutoa upya albamu ile, studio imehama au kompyuta imekufa. Kwa hiyo tunapendekeza makubaliano yaandikwe kabla ya kuanza kurekodi, yakiwa na kifungu hiki: studio itakabidhi kila wimbo uliokamilika kama WAV au FLAC, kwa ubora uleule uliotumika studio, na malipo ya mwisho yatafanyika baada ya mwakilishi wa kwaya kuyafungua mafaili na kuyasikiliza. Kifungu hiki hakiiongezei studio gharama ya maana, kwa sababu mafaili hayo inayo tayari.

8. Kanda za zamani, na neno kwa wafadhili

Sharika nyingi bado zina kanda za kaseti kabatini. Kanda huchakaa, na mashine nzuri za kuzipiga zinazidi kuadimika pamoja na vipuri vyake. Mwaka 2019 UNESCO na shirika la kimataifa la hifadhi za sauti na picha, IASA, walianzisha mradi wa kutahadharisha kuhusu hatari hiyo. Kwa hiyo kaseti zipewe kipaumbele.

Kabla ya kuipiga kaseti, vunja vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo nyuma yake ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha mashine kwa spiriti safi. Unganisha mashine na kompyuta kwa waya, si kwa maikrofoni mbele ya spika. IASA inashauri nakala ya kutunza iwe na angalau vipimo 48,000 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 24. Hiyo ni takribani gigabaiti 1 kwa saa ya sauti ya pande mbili. Hivyo kaseti 100 za dakika 60 huhitaji gigabaiti 100 na kidogo, na diski ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 900. Usharika mwingi hautaijaza.

Ndugu wafadhili, bajeti za miradi ya kurekodi kwa kawaida huwa na maikrofoni na kompyuta, na mara chache huwa na diski za kutunzia. Tunaomba kila mradi wa sauti uwe na diski mbili za nje, moja ikae usharikani na nyingine ofisi ya jimbo au ya dayosisi, na taarifa ya mwisho ya mradi ionyeshe kwamba nakala mama zimekabidhiwa na kusikilizwa. Vijana wetu wana uwezo wa kuifanya kazi hii. Kinachokosekana ni mahali salama pa kuweka matunda yake.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Rekodi za usharika wetu ziko wapi leo, na nani anajua zilipo?
2. Zipi kati yake zina nakala mama, na zipi zimebaki MP3 tu?
3. Ni rekodi gani ambayo tukiipoteza hatuwezi kuirekodi tena kwa sababu waliosikika hawapo?
4. Nani atateuliwa kuwa mtunza sauti wa usharika, na atatoa taarifa kwa kamati mara ngapi kwa mwaka?
5. Kaseti tatu za kwanza kuokolewa ziwe zipi?

Tunaomba majibu ya swali la tatu na la tano yaletwe kwa maandishi ofisi ya miradi kabla ya kikao cha robo ijayo, ili sharika zenye kaseti zipangiwe zamu ya kutumia mashine.